Neema, hiyo safari ya Jeju

Mwanangu Neema,

Hatujambo. Mvua zimewahi mwaka huu, dagaa hawakauki, tunaanika na kuanua kutwa nzima hapa Mwaloni.

Picha zako za Jumamosi kutoka huko Korea zimefika. Koti la bluu limekukaa vizuri. Ila ile ya kwenye boti niliikuza kwa vidole nikaitazama kwa muda. Wewe na wenzako wote mmeegemea ukingo mmoja, mmeigeukia miamba, na hakuna hata mmoja aliyevaa jaketi okozi. Upande wa pili viti vitupu. Tangu hapo usingizi wangu ni wa kushtukashtuka.

Najua utaniambia kutoka Geoje hadi kisiwa cha Oedo ni karibu, tena boti za watalii zina utaratibu. MV Nyerere nayo ilikuwa imebakiza mita chache tu kufika gati la Ukara, Septemba 20, 2018, watu wameshasimama kusogea upande wa kushukia. Kivuko cha watu 101, na waliokufa walipita 200. Ya mjomba wako unayajua, siyarudii.

Halafu unaniandikia kwamba sikukuu ya Chuseok mnapanda basi hadi Mokpo, kisha meli hadi kisiwa cha Jeju. Mokpo hiyohiyo ndiko walikoipeleka Sewol, ile meli ya abiria iliyozama mwaka 2014, baada ya kuiinua baharini mwaka 2017. Kaka yako alinisomea habari zake zote, nikamwambia arudie. Walikufa watu 304, na wengi wao ni watoto wa shule ya sekondari waliokuwa wakienda matembezi Jeju kama wewe. Meli ilibebeshwa mzigo zaidi ya mara mbili ya kiwango chake, ilipokata kona mzigo ukahama, ikalala ubavu. Spika zikawaambia watoto wakae walipo. Watoto wenye adabu wakatii. Nahodha akatoka.

Mimi nilikulea utii, na sijuti. Lakini ukiwa majini chombo kikianza kulala, adabu iweke pembeni. Vaa jaketi, toka nje, panda juu, usingoje tangazo. Kingine, hakikisha jina lako limeandikwa. MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana mpaka leo idadi kamili haijulikani, na pale Igoma wamezikwa watu wasiojulikana majina. Wakikuomba pasi ya kusafiria kabla ya kupanda, usinung'unike kama ulivyonung'unika kwenye ule ujumbe wako wa sauti. Toa, wasome, waandike.

Na wewe ndiye unayesoma uhandisi wa meli, Neema! Mambo ya uzito kuhamia upande mmoja umeyafanyia mtihani ukapata alama nzuri, mpaka nikawaonyesha wanawake wote wa sokoni yale matokeo. Ikifika Jumamosi unayaacha darasani. Hilo limeniuma kuliko picha yenyewe.

Sikukatazi kutembea. Juma zima uko maabara, ukifungiwa chumbani utaugua. Ulipopanda mlima na wale wasichana wa bweni lenu nilifurahi. Ulipokwenda Geoje mara ya kwanza kwa basi, ukanieleza lile daraja linaingia chini ya bahari kisha linaibukia upande wa pili, nililisimulia hapa hadi watu wakanichoka. Basi safiri hivyo. Jeju nenda kwa ndege, uwanja wa Gimhae uko hapohapo Busan.

Kuna jambo la kuogelea pia. Ulikua na ziwa mbele ya mlango, na fimbo yangu ndiyo iliyokuwa ikikurudisha nyumbani kila ulipoteremka na wenzako. Nilikuwa na sababu zangu. Chuo chenu kina bwawa, umeniambia mwenyewe. Jiandikishe. Kama wana malipo, sema.

Bati la jikoni limebadilishwa upande wa mtaroni, fundi ameacha matundu mawili, namngoja arudi. Mdogo wako anaanza mtihani wa kidato cha nne karibuni, Fizikia inamsumbua, mpigie Jumapili umweleweshe, mimi hanisikilizi. Shangazi yako wa Ukerewe ameleta sato wawili wakubwa, anauliza kama huko wanakula kichwa cha samaki. Amesema na yeye anataka kuipanda MV Mwanza, ile meli mpya ya ziwani, kwa vile baadhi ya mafundi walioijenga wametoka hukohuko Korea unakosoma. Meli ya abiria 1,200, anasema siku moja utakuja kuikagua wewe. Anamwambia hivyo kila anayekutana naye gatini.

Angalia nauli ya ndege leo, usingoje sikukuu ikaribie zikapanda. Ikizidi hela uliyoweka, niandikie imezidi kwa kiasi gani. Ijumaa napeleka magunia kwa mteja wa Kongo, akilipa nitakuongezea. Wale wenzako wakishikilia meli, waache waende, mkutane hukohuko Jeju. Ukishalipa nitumie picha ya tiketi, nione imeandikwa ndege.

Mama yako