Rada tumeijadili, muuzaji wake bado

Mhariri,

Kila kashfa mpya ya manunuzi ya serikali inapozuka, magazeti yetu huifukua kashfa ya Tanzania ya rada ya kuongozea ndege, ya mwaka 2001, na hadithi huwa ileile: nani alikula, nani alijiuzulu, vijisenti vilikuwa vingapi, chenji ya rada, yaani fedha alizorudisha muuzaji, ilinunua vitabu na madawati mangapi. Hadithi hiyo ni halali na iendelee kusimuliwa. Ila mnunuzi tumeshamchambua hadi mifupa, na muuzaji, kampuni ya silaha ya Uingereza iitwayo BAE Systems, msomaji wa kawaida anamjua kwa jina tu. Anauza nini kingine? Faida yake hasa inatoka wapi? Nimekuwa mhasibu maisha yangu yote ya kazi, na kwetu sisi mkataba wenye upande mmoja tu wa daftari haujakaguliwa.

Tuanze na ukubwa. BAE ilizaliwa mwishoni mwa 1999, British Aerospace ilipoungana na Marconi Electronic Systems. Mwaka 2024 iliuza bidhaa na huduma za pauni bilioni 28.3. Rada yetu ilikuwa pauni milioni 28. Kwa kasi hiyo ya mauzo, kile kilichotutoa jasho nchi nzima, kwa mkopo wa benki, ni mapato yao ya saa tisa hivi. Hata nusu siku haifiki.

Mapato hayo yanatoka sekta tano. Ya anga ina makao Lancashire, Uingereza, ambako Warton wanaunganisha ndege za kivita za Typhoon kwa ushirika na Ujerumani, Italia na Hispania. Jirani hapo, Samlesbury, hutengenezwa sehemu ya nyuma ya kiwiliwili cha kila F-35, ndege ambayo kwa jina ni ya Lockheed Martin ya Marekani. Mfumo wa vita vya kielektroniki wa ndege hiyohiyo nao ni wa BAE, ila unatoka sekta nyingine, ile ya elektroniki, yenye mizizi New Hampshire, Marekani. Kwa hiyo mshindani akishinda zabuni, BAE nayo inakula. Sekta ya bahari inaunda nyambizi za nyuklia Barrow-in-Furness, na Glasgow manowari za Type 26, ambazo Australia na Kanada wamechukua michoro yake wajenge za kwao. Ya nne ni ya nchi kavu: magari ya deraya ya Bradley yanatoka Marekani na CV90 yanatoka Sweden. Ya tano ni ya usalama wa mitandao na ujasusi. Hisa asilimia 37.5 za MBDA, watengenezaji wa makombora, zinahesabiwa kwenye sekta ya anga.

Ukisoma orodha hiyo kwa jicho la mhasibu utaona kwamba kuuza chombo ni mlango tu. Ndege ikishakabidhiwa, kwa miaka 30 au 40 itahitaji vipuri, mafundi, mafunzo na programu mpya za kompyuta, na mwenye navyo ni yuleyule aliyeiuza. Saudi Arabia ilianza kununua ndege chini ya makubaliano ya Al Yamamah mwaka 1985, na hadi leo BAE ina maelfu ya wafanyakazi kule. Anayepiga kelele juu ya bei ya siku ya kwanza bila kuuliza matengenezo ya mwaka wa kumi amesoma ukurasa mmoja tu wa mkataba.

Halafu kuna serikali yao. Uingereza inashika hisa maalumu ndani ya BAE, inayozuia wageni wasije wakaimiliki. Ni mteja mkubwa wa kampuni, ingawa Marekani sasa inaipita. Na ndiyo hiyohiyo inayotoa leseni ya kuuza nje. Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha safari ya kusamehewa madeni. Desemba, mwezi mmoja tu baadaye, London ikaidhinisha rada, huku Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, Clare Short, akipinga waziwazi ndani ya serikali ya chama chake. Hoja ya ajira za kiwandani, kule kisiwa cha Wight, ilikuwa na wapiga kura nyuma yake. Sisi hatukuwa na kura pale. Mwaka uliofuata wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, walioombwa na Benki ya Dunia, walisema mtambo ule ni ghali mno na haufai sawasawa kwa ndege za kiraia. Sahihi zilikuwa zimeshakauka.

Sasa niingie kwenye fani yangu. Zaidi ya dola milioni 12, karibu theluthi ya bei, zilikwenda kwa kampuni za wakala mmoja, sehemu kubwa zikipitia kampuni ya BAE iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Daftarini ziliandikwa kuwa ni malipo ya huduma za kiufundi. Ufundi wa nini? Kosa ambalo BAE ilikiri mahakamani, na kuhukumiwa Desemba 2010, ni kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Shitaka la rushwa halikuwepo. Faini ilikuwa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudi kwa Watanzania. Miaka minne kabla, Desemba 2006, uchunguzi wa rushwa katika mauzo ya BAE kwa Saudi Arabia ulikuwa umesimamishwa kabisa kwa maelezo ya usalama wa taifa. Mteja mkubwa analindwa hivyo. Sisi wadogo tulipata vitabu.

Watetezi watasema kampuni imejirekebisha, kwamba iliunda kamati chini ya Lord Woolf, jaji mkuu mstaafu wa kule, iliyotoa mapendekezo ya maadili mwaka 2008. Sawa, na nakubali mengi yamebadilika. Lakini mapendekezo yao yanawalinda wao wasishitakiwe. Ya kutulinda sisi tuyaandike wenyewe.

Tunaweza. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini na Thales ya Ufaransa mkataba wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa takriban shilingi bilioni 67. Kwa viwango vya fedha vya wakati ule, nne hizo zilikuwa chini ya pauni milioni 28. Si mitambo ya aina moja, na bei za teknolojia hushuka, kwa hiyo asije mtu akazilinganisha kama nyanya sokoni. Hata hivyo ningependa gazeti lenu litueleze mkataba ule wa pili ulivyojadiliwa, maana hilo hatulisimulii kamwe.

Ombi langu ni dogo. Ripoti za mwaka za kampuni hizi, BAE, Thales na wenzao, hutoka mwanzoni mwa kila mwaka na ziko wazi mtandaoni bila malipo. Mpeni mwandishi wenu mmoja wa biashara azisome, aanzie kurasa za sekta na zile za huduma baada ya mauzo. Bajeti ya Ulinzi ikija bungeni, amuulize waziri: kwa vyombo tulivyonavyo tayari, vipuri tunavinunua kwa nani, hadi mwaka gani, na wakala ni nani?

Mhasibu mstaafu,
Tanga