YAH: MALALAMIKO KUHUSU SILI ZA HABU ZA NYUMA ZILIZOVUJA TENA, NA MAJIBU NILIYOPEWA KARAKANANI KWENU

Kwa Meneja wa Huduma,

Salaam. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya dhamana yenu sitayaeleza. Mliyaandika wenyewe, na yapo nyuma ya stakabadhi ambayo nakala yake naambatanisha. Naanza moja kwa moja na pale paliponiuma.

Jumatatu asubuhi niliirudisha kwenu pikapu mliyoifunga sili mpya za habu (zile pete zinazozuia oili isivujie kwenye kitovu cha gurudumu), kwa sababu gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelowa oili, kuanzia ndani ya rimu mpaka ubavuni mwa tairi. Msimamizi wenu wa karakana alitoka, akainama, akapitisha kidole kwenye rimu, akanusa, kisha akakifuta kidole hicho kwenye mlango wa gari langu. Akasema mbele ya wateja wengine: "Mzee, hii ni griisi tu imeyeyuka. Gari ndilo limezeeka, si sili." Akacheka, na mafundi wawili nao wakacheka.

Ndugu Meneja, griisi haina harufu ile. Oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, inanuka kiberiti, na aliyewahi kuishika hata mara moja hawezi kuichanganya na kitu kingine. Tena alinusa mwenyewe!

Kazi yenyewe mliifanya wiki tatu kabla. Mliahidi siku moja, gari likakaa nne. Niliomba nirudishiwe sili za zamani, nikaambiwa zimeshatupwa. Hakuna aliyeniambia kama shingo ya ekseli ilikaguliwa pale mdomo wa sili unapogusa, maana pakishachimbika mfereji, hata ufunge sili mpya kumi zitavuja zote. Na kile kitundu cha kupumulia cha difu, kuna aliyekizibua? Kikiziba, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili. Stakabadhi yenu inasema "sili za habu pande mbili, pamoja na ufundi", basi. Huo ufundi ndio nauuliza.

Nimejibiwa na fundi mwingine, si wa kwenu, Jumatano, nikiwa nimesimama pembeni yake. Alichomoa shafti inayozungusha gurudumu, halafu nati za habu akazizungusha kwa vidole. Kwa vidole! Kile kibati cha kufungia nati hakikuwa kimekunjwa hata upande mmoja. Beringi zilikuwa zinacheza, na kwa jinsi fundi alivyotikisa kichwa sikuhitaji kuambiwa kwamba habu nzima ingeweza kutoka na gurudumu lake njiani. Sili ilikuwa imeingia upande: ukingo mmoja umezama, mwingine umechomoza, na juu ya bati lake kuna kovu la nyundo mfano wa mwezi mwandamo. Springi yake ile nyembamba ya ndani ya mdomo ilikuwa imeruka, inaning'inia kama uzi wa shati. Breki shuu zilikuwa bado nene kabisa, lakini zimekunywa oili mpaka zimekuwa nyeusi. Hizo haziponi kwa kuoshwa na petroli. Zikipata moto oili inarudi juu.

Sasa mnaelewa kwa nini Jumapili, nikiwa na mzigo, nilikanyaga breki mteremkoni na gari likavuta kulia. Binti yangu alikuwa kiti cha mbele. Ndiyo sababu Jumatatu nilikuwa mlangoni kwenu kabla hamjafungua.

Narudi kwenye hiyo Jumatatu, maana sikuimaliza. Baada ya msimamizi wenu kunusa, na baada ya kukifuta kidole chake mlangoni mwangu kana kwamba ni kitambaa cha gereji, nilimwomba kwa upole avue gurudumu tu tuangalie pamoja. Akajibu: "Mzee, ukiogopa kuendesha, mwachie binti yako." Binti yangu alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia. Kisha akanisukumia funguo juu ya kaunta, zikapita ukingo, zikaanguka. Hakuinama. Niliinama mimi, na umri wangu huu, nikaziokota huku wale wawili wakicheka. Kijana huyo alijua kabisa ni oili, na bado akaniruhusu nitoke na gari lenye breki zilizolowa.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba sili zifungwe upya bila malipo. Nimefika hapa na naona haitoshi. Gari langu halirudi tena mikononi mwenu. Nataka fedha zangu zote nilizolipa kwa kazi hiyo, pamoja na gharama za fundi aliyeirekebisha: sili, breki shuu za pande zote mbili (fundi mwenye akili habadilishi upande mmoja), oili ya difu, na beringi iwapo atathibitisha zimeharibika. Nataka pia radhi kwa maandishi, yenye sahihi ya msimamizi huyo, ikielekezwa kwangu na kwa binti yangu. Na mlango aje aufute yeye.

Nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Ilikuwa 14, nimeipunguza nilipokumbuka zile funguo. Zikipita, sili yenyewe, picha na maelezo ya fundi aliyeifungua vitakwenda kwa wakili, na nakala kwa mamlaka inayolinda walaji. Sili ninayo mimi. Hiyo hamtaweza kusema imeshatupwa.

Nijibuni kwa maandishi. Simu yenu sitaipokea.

Wenu,
Mteja wa pikapu (namba ya kazi ipo kwenye stakabadhi)

Viambatisho: nakala ya stakabadhi, picha 4. Ya nne ni ya mlango. Sijauosha.