Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya mwaka huu karibu vyote vilihusu picha ndogo za sura zilizochorwa juu ya pembe za ndovu katika karne ya 18. Tulianzia Venice kwa Rosalba Carriera. Wakati wachoraji wenzake wa picha ndogo wakitumia ngozi ya ndama, yeye alihamia kwenye pembe, na mwaka 1705 Accademia di San Luca, chuo cha wasanii cha Roma, kikampokea kwa kazi ya namna hiyo. Si kazi nyepesi. Pembe ina mafuta na inateleza, rangi ya maji haiishiki. Hivyo hupasuliwa kuwa bamba jembamba linalopitisha mwanga, likasuguliwa kwa unga wa jiwe la volkano, na rangi ikatiwa gundi ya mgunga. Kisha ni kudonoadonoa kwa ncha ya brashi. Shavu la mchorwa huachwa karibu tupu, kwa kuwa weupe wa pembe yenyewe ndio unaolitia uhai.

Mabishano makali yalikuwa kati ya mashabiki wa Richard Cosway na wa John Smart, wachoraji wawili Waingereza wa picha hizo. Mimi ni wa Smart, mtanisamehe. Cosway alimpa kila mteja macho makubwa; Smart, hata alipokuwa Madras, India, kuanzia 1785 hadi 1795, hakumfichia mtu kidevu cha pili.

Sasa utunzaji. Mwenzetu mmoja alileta picha ya urithi yenye vitone upande wa ndani wa kioo, akidhani ni unyevu wa kawaida. Vile ni vitone vya magadi vinavyotoka kwenye kioo chenyewe kikizeeka, na vikidondoka vinaila rangi. Usifungue fremu wala kufuta. Mpelekee fundi wa makumbusho. Na msizitundike mkabala na dirisha.

Kwa mlioko Uingereza: Sheria ya Pembe ya 2018 ilianza kutumika Juni 2022. Picha ndogo iliyotengenezwa kabla ya 1918, isiyozidi sentimita za mraba 320, inaweza kuuzwa, lakini sharti isajiliwe kwanza. Kuivusha mpaka kunataka kibali kingine.

Vijana wametuuliza kwa nini tunashabikia vitu vilivyogharimu ndovu. Swali ni la haki, hasa kwetu tulioona Kenya ikichoma tani 105 za pembe mwaka 2016. Kamati inapendekeza fedha za chama zisinunue pembe yoyote, hata ya kale yenye usajili. Tutunze zilizomo mikononi mwetu, tuzipige picha, tuandike habari zake. Najua wapo wasioafiki, na watapewa nafasi ya kusema.

Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma. Kura ya pendekezo itapigwa baada ya chai, na asiyelipa ada hapigi.