Faharasa ingepunguza foleni ya wagonjwa

Mhariri,

Juzi nilimpeleka mama kliniki moja hapa Jinja, tukasubiri karibu nusu saa huku karani akitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini, kwa kuwa programu yao hupakia rekodi za wagonjwa wote kabla ya kuonyesha jina moja. Mimi ni mtengenezaji wa programu, na jambo hili linaniuma. Hifadhidata iliyopangwa kwa faharasa ya namba ya mgonjwa, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha kila rekodi ilipo, huweza kupata rekodi moja kati ya 1,000,000 kwa kulinganisha takriban mara 20 tu. Kweli, faharasa zikizidi hupunguza kasi ya kuhifadhi, lakini hii moja ni ya lazima. Wanunuzi wazijaribu programu hizi kwa maelfu ya rekodi, si kwa wagonjwa 10 wa mfano.

Msomaji wenu,
Jinja