Kabla hujatafuta koti, tafuta karatasi

Berlin, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba viza imetoka. Nilirukaruka chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Huku ikishapita saa nne usiku watu wanataka kimya, nami hulisahau hilo kila mara.

Umeniuliza ununue koti la namna gani. Koti utalipata hukuhuku. Kinachostahili kukukosesha usingizi ni anwani. Ukishahamia nyumba, sheria inakupa wiki mbili ukajiandikishe katika ofisi ya wakazi, wenyewe wanaita Anmeldung, na hawakuandikishi bila karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Mimi nilipata chumba cha bei nafuu, mwenyewe akaniambia siku ya kwanza kuwa karatasi hatoi. Nikaona jambo dogo. Loo! Benki niliyoiendea ikataka cheti cha makazi, ambacho hupewi bila kujiandikisha. Bila akaunti ya kawaida, zile hela za Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayotoa kiasi maalumu kila mwezi, nilizoweka kwa ajili ya viza, yuro 992 za kila mwezi, zikabaki zinanitazama tu. Kibali cha kuishi nacho kinataka cheti hichohicho, na viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Nina pesa, na bado naazima hela ya mkate! Nilihama mwezi wa tatu, nikaanza upya.

Basi kabla hujampa mtu amana, muulize: hapo nitaweza kujiandikisha? Akianza maneno ya kuzungukazunguka, achana naye. Na chumba ambacho hakuna unayemwamini aliyekiona, usikilipie hata senti. Nitumie mimi anwani, nitakwenda kukitazama.

Treni hazina mageti, unaingia tu kama unaingia sebuleni kwako. Usidanganyike. Wakaguzi wengine wanavaa nguo za kawaida na faini ni yuro 60. Usiniulize nimejuaje.

Masomo utayaweza, sina wasiwasi nayo. Jumapili ndiyo ngumu. Maduka karibu yote yanafungwa, simu haiiti, na Desemba jua linazama hata saa kumi haijafika. Majira hayo nilikuwa napanda treni ya Ringbahn bila safari yoyote. S41 inauzunguka mji upande mmoja, S42 upande wa pili, na baada ya kama saa nzima umerudi pale ulipopandia. Behewani kuna joto na kuna watu. Kijerumani changu kingi nilikiokota humo, kwa mama mmoja aliyekuwa akigombana na mtu kwenye simu vituo sita mfululizo. Yule alieleweka kuliko mwalimu wangu.

Nitumie tarehe na saa ya kutua. Nitakungoja uwanjani, na tiketi yako ya kwanza naikata mimi.

Wako yuleyule.