Mdogo wangu, usizime simu usiku

Mdogo wangu,

Picha za nyumba yenu mpya nimeziona. Uwanja mpana, mahindi hadi macho yanapokomea, kodi nafuu. Nimefurahi, lakini usingizi haukuja. Nyumba hiyo ni trela, nyumba ya kuvutwa isiyo na msingi, na huku Kentucky magharibi, Marekani, trela haihimili tonado, kimbunga chembamba kinachozunguka kutoka winguni hadi ardhini, hata ikifungwa chini kwa mikanda mipya.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 wewe ulikuwa bado kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mchana wake joto lilikuwa la ajabu kwa Desemba, watu wanatembea bila makoti. Joto lile na unyevu wake vilitoka Ghuba ya Mexico. Upepo wa chini ulivuma hivi, wa juu ukavuma kasi zaidi kwa mwelekeo mwingine, basi hewa iliyokuwa ikipanda ikaanza kuzunguka. Wingu la radi la namna hiyo huitwa supaseli. Mvua za Kasulu hupiga kwa kishindo kisha zikatulia. Supaseli husafiri kwa masaa mengi. Lile lilitoka Arkansas, likapita Missouri na Tennessee, likaingia Kentucky. Tonado yake moja ilikaa ardhini karibu masaa matatu, ikafyeka kilomita 266, upepo ukifika kilomita 305 kwa saa. Mayfield ilipigwa kama saa tatu na nusu usiku, kisha Princeton, Dawson Springs, Bremen, na mashamba yote ya katikati. Watu 57 walikufa. Picha ya familia moja ya Dawson Springs iliokotwa Indiana, kilomita zipatazo 200, ikiwa imeganda kwenye kioo cha gari.

Kwetu Bowling Green lilikuja wingu jingine, baada ya saa saba usiku. Shemeji yako alikuwa kazini zamu ya usiku. Mimi nilikuwa nimezima sauti ya simu kwa sababu alfajiri nilikuwa na zamu. Aliyetuamsha ni jirani yetu, mama wa Kibosnia ambaye hatuna lugha moja. Aligonga mlango kwa ngumi zote mbili, akaonyesha juu, akaonyesha bafu. Tukajibana humo, godoro juu ya vichwa vya watoto. Masikio yakaziba. Wenyeji husema hulia kama treni. Mimi nilisikia mashine ya kusaga ya kambini ikiwashwa ndani ya ukuta. Sisi bati halikutoka. Mjini walikufa watu 17. Asubuhi pamba ya waridi ya kuzibia kuta ilikuwa imening'inia kwenye miti, na kila hatua msumari.

Sitaki maisha ya watoto wako yategemee jirani wa kugonga mlango. Huko kwenu jirani yuko mbali.

Simu huonya kwa Kiingereza na Kihispania. Kiswahili hakimo, kwa hiyo jifunzeni maneno mawili, wewe na wifi yangu pia. "Watch" maana yake hali ya hewa inaruhusu tonado kutokea: hapo ndipo mtoke kwenye trela, mkiwa bado na muda. "Warning" maana yake imeonekana kwa macho au kwa rada: hapo usichungulie dirishani, usitafute mizigo. Usiku hutaiona hata ikiwa karibu, mvua huificha. King'ora cha mjini usikitegemee, kimewekwa kwa walio nje.

Na viatu. Kila mtoto alale na viatu vyake kando ya kitanda usiku wa tahadhari. Niliona mtu akitembea soksi tupu juu ya vioo akimtafuta mwanawe. Sijaacha kumwona.

Nenda ukamuulize mwenye nyumba leo: wapangaji hukimbilia wapi? Ukisikia "hakuna shida huku," uliza tena. Kanisa la matofali ulilolionyesha kwenye video, waulize kama lina chumba cha chini na nani anashika ufunguo usiku.

Jumamosi nakuja. Nimewanunulia redio ya hali ya hewa, ile ya betri inayojiwasha yenyewe onyo likitoka. Nitaiweka upande wako wa kitanda. Kisha giza likiingia tutapakia watoto wote kwenye gari, tuende hadi kanisani, na wifi ahesabu dakika.

Dada yako