Mbwa wetu anamchunga mama mkwe kama kondoo. Nimtoe au nibaki naye?

Ndugu mshauri,

Pokea salamu zangu. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika, na leo naandika kwa sababu nimebakiwa na siku 10 za kuamua jambo ambalo sitaki kulijutia. Ni kuhusu mbwa wetu, Doa. Wapo watakaosema mbwa ni mbwa tu. Kwangu mimi si hivyo, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Doa ni dume wa miaka 2, chotara. Mama yake ni Border Collie, wale mbwa wa kuchungia kondoo ambao asili yao ni mpakani mwa Uskochi na Uingereza. Baba yake hajulikani. Mweusi, kifua cheupe, na doa jeupe juu ya jicho la kushoto, ndiyo maana mwanangu akampa jina hilo. Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka 7, na tangu miezi mitano iliyopita mama mkwe, mwenye umri wa miaka 78, anayetembea kwa mkongojo kwa sababu ya magoti. Mimi na mume wangu tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Ua wetu ni mdogo, Doa anaumaliza kwa miruko minne.

Niseme kwanza tulipokosea, maana sitaki lawama zote zimwendee mnyama. Tulimchagua kwa sura. Tulipofika kuwaona watoto wa mbwa, watano walikuwa wamelala na mmoja akatukimbilia, akaanza kuvuta kamba za viatu vya mwanangu. Sote tukasema, huyu ametuchagua mwenyewe. Mama yao alikuwa amefungwa pembeni, kimya, akitukodolea macho muda wote, nami sikujiuliza maana yake. Hatukuuliza mama huyo anafanya kazi gani, anahitaji mbio kiasi gani kwa siku, akiachwa peke yake anakuwaje. Tulitazama uzuri wa mbwa, hatukuitazama siku yetu ilivyo kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kosa la pili lilitokana na woga. Doa alikuja akiwa na wiki 8, na tulikuwa tumeonywa kuhusu parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaoweza kuua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache. Chanjo zake zilirudiwa mpaka alipofikisha wiki 16, na muda wote huo hatukumtoa mlangoni kabisa. Baadaye daktari wa mifugo akanieleza kwamba mtoto wa mbwa huizoea dunia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Asichokiona katika kipindi hicho kinaweza kumtia wasiwasi maisha yake yote. Akasema tungeweza kumbeba mikononi, bila kumshusha chini, akaona watu wa kila namna: wazee, wenye miwani, wenye miavuli, wenye mikongojo. Doa hakuwahi kuona mkongojo mpaka mama mkwe alipohamia kwetu.

Mwaka wa kwanza shida ilikuwa upweke. Majirani walilalamika kwamba analia. Siku moja niliacha simu ikirekodi mezani, na jioni nikakaa kuisikiliza. Dakika 11 baada ya mlango kufungwa kucha zake zinasikika vigaeni, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Kisha ukaanza mlio mrefu ambao sikuwahi kuusikia nikiwa nyumbani. Nililia na mimi. Mlango wa mbele una mikwaruzo hadi leo, rangi imetoka mpaka mbao zinaonekana. Tulijaribu kumkimbiza zaidi asubuhi, lakini tulichopata ni mbwa mwenye pumzi nyingi zaidi. Kilichosaidia kidogo ni kumpa kazi ya akili: kumfichia chakula ndani ya nguo iliyokunjwa, kumwacha anuse kila kichaka tukitembea badala ya kumburuta.

Mama mkwe alipohamia, kilio kikaisha siku ileile. Kikaisha kabisa. Mama husoma kwa sauti kila alasiri, na Doa hulala kidevu juu ya mguu wake, macho nusu yamefumba. Mbwa ambaye hatukuwahi kumwona ametulia kwa dakika 20, sasa analala saa nzima. Nilidhani tumepona.

Tatizo ni mama anapoinuka. Jumapili moja nilikuwa nakunja nguo sebuleni. Mama akashika mkongojo. Doa akafumbua macho kabla ncha ya mkongojo haijagusa sakafu. Akainamisha kichwa, tumbo likakaribia vigae, mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani. Hakubweka wala kunguruma. Alimkazia macho tu. Mama alipopiga hatua kuelekea chumbani, Doa akazunguka kwa nyuma, akatokea upande wa pili na kumkinga njia. Mama akageuka, naye akageuka. Mkongojo ukagonga mguu wa mbwa, mama akayumba na kukaa chini kwa kishindo. Namshukuru Mungu hakuvunjika, lakini nyonga ilivilia damu wiki mbili nzima. Doa alikuja akamlamba mkono pale pale sakafuni.

Daktari alimpima, hana maumivu wala maradhi, na alishahasiwa. Alinieleza kwamba mbwa mwitu akiwinda hukazia macho, hunyemelea, hukimbiza, huuma, kisha huua. Wafugaji wa kondoo, kizazi baada ya kizazi, waliwazalisha mbwa wenye zile hatua za mwanzo na kuwaacha wanaoua. Kwa hiyo Doa si mkali, anafanya kazi aliyozaliwa nayo, na kondoo aliopata ni mtoto anayekimbia na bibi anayetembea polepole. Mwanangu amebanwa kisigino kwa meno mara tatu, bila damu, kila mara akiwa mbioni kwenye ujia. Sasa hivi hakimbii ndani, na hakuna anayemwacha yeye na mbwa peke yao.

Wifi zangu wanasema mbwa afungwe mnyororo uani, yaishe. Hilo nimelikataa. Mbwa kama huyu akishinda kwenye mnyororo atazidi kuharibika, na siwezi kumsikia tena kama nilivyomsikia kwenye simu. Mume wangu kwa hasira aliwahi kumpiga na gazeti lililokunjwa. Matokeo yake Doa hujilaza mume wangu akiingia, na akitoka tu anaendelea palepale.

Ninalofanya mimi ni hili. Nimeweka kizulia pembeni mwa kiti cha mama, na kila anapogusa mkongojo, nadondosha kipande cha nyama juu ya kizulia. Baada ya wiki tatu, mara sita kati ya kumi Doa huenda mwenyewe kizuliani akasubiri mpaka mama apite. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimkumbatia mama kwa furaha. Ila linatokea nikiwepo. Mchana wako wao wawili tu. Tuliweka kigeti cha mbao kwenye mlango wa sebule ili wawe pande mbili tofauti, lakini Doa hulia nyuma ya kigeti, na mama kwa huruma huenda kumfungulia. Kuinama na kufungua komeo kwa mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili, na mbwa anasukuma kutoka upande wa pili: hapo naona hatari kubwa kuliko hata ile ya mwanzo. Nimemsihi asifungue. Ananiambia, "Mwanangu, na mimi nasikia anavyolia."

Sasa ndugu ya mfanyakazi mwenzangu anafuga kondoo, ana mbwa wawili wanaozeeka, na yuko tayari kumchukua Doa. Nilikwenda kuona. Mbwa wake ni wembamba lakini safi, maji yapo kivulini, na kadi zao za chanjo, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, alinionyesha kabla sijaomba. Aliniuliza maswali kuhusu Doa mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Nilimpeleka Doa hadi kwenye uzio, akiwa kwenye kamba. Alipowaona kondoo alishuka chini na kutetemeka mwili mzima, akabaki hivyo. Alinigeukia mara moja tu. Mfugaji amesema atamjaribu kwa wiki mbili, na akishindwa atamrudisha kwangu, si kumpa mtu mwingine.

Mume wangu anataka aende. Mwanangu hataki kuzungumzia habari hiyo. Na mama mkwe, ambaye ndiye aliyeanguka, anasema Doa akiondoka nyumba itakuwa kaburi.

Ninachokuomba, mshauri. Je, mazoea ya kizulia yanaweza kushika hata nisipokuwepo, na kwa muda gani? Nina haki ya kuendelea kujaribu wakati anguko moja tu zaidi linaweza kumvunja nyonga mtu wa miaka 78? Na mbwa wa miaka 2, akihamia kwa watu wengine na kazi mpya, atatusahau kwa utulivu au ataumia kama alivyokuwa akiumia nyuma ya ule mlango? Mbwa wa aina yake huishi miaka 12 hata 15, kwa hiyo siamui kuhusu mwaka huu peke yake.

Kuna jambo jingine. Mama amesema Doa akienda, basi tutafute mwingine. Safari hii nafikiria mbwa mtu mzima, wa miaka 5 au zaidi, kwa sababu tabia yake inaonekana tayari, na ambaye ameshaishi na mzee. Nimejifunza kwamba umbo hudanganya: Greyhound, bingwa wa mbio, nyumbani hulala sehemu kubwa ya siku, na Jack Russell, mdogo wa kubebeka kwapani, alizalishwa amfuate mbweha shimoni na hachoki. Ningempeleka mama mwenyewe, na mkongojo wake, wakutane zaidi ya mara moja kabla hatujasema ndiyo. Lakini naogopa pia kuziba pengo haraka mno, mtoto akajifunza kwamba rafiki hubadilishwa kama taa iliyoungua. Tukae muda gani bila mbwa, ukizingatia mama anashinda peke yake?

Mfugaji anakuja na gari lake Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Nijibu kabla ya hapo, tafadhali.

Msomaji wako,
Mama wa mtoto mmoja